Reli ya Kisumu na Ramani Zake Tano

Migosi ni mtaa wa Kisumu ulio upande wa barabara iendayo Kibos. Mwenyeji wa hapo akienda Kibos huiona reli itokayo upande wa mashamba ya miwa ya Miwani, ikielekea mjini na ziwani. Katika ramani za shule reli hiyo huonyeshwa kwa mstari mmoja mweusi kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, kana kwamba iliamriwa na kumalizika siku moja. Lakini atakaye kuijua habari yake hana budi kuchora ramani tano, si moja.

Ramani ya kwanza ni ya reli ambayo haikujengwa. Mwaka wa 1892 wapimaji walioongozwa na Kapteni Macdonald walipita katika nchi hii kutafuta njia, na mwisho wa njia waliyoionyesha ulikuwa Port Victoria, katika nchi ya Wanyala. Baadaye ilionekana njia fupi zaidi, ya kuvuka milima ya Mau na kushuka hadi ghuba ya Kavirondo, ambayo sasa huitwa Winam. Kwa badiliko hilo Port Victoria ilibaki mji mdogo, na Kisumu, mahali ambapo watu walizoea kubadilishana vyakula, pakawa mwisho wa reli.

Ramani ya pili ni ya kazi yenyewe. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899. Reli ilipanda Mau zaidi ya futi 8,300 juu ya bahari, kisha ikateremka mabonde mengi kwa madaraja marefu. Tarehe 20 Desemba 1901 ilifika ziwani, baada ya maili 582. Mahali hapo palipewa jina la Port Florence, kwa heshima ya mke wa mhandisi Ronald Preston, lakini jina la wenyeji ndilo lililodumu. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Hesabu hiyo haionekani katika mstari mweusi.

Ramani ya tatu ni ya mpaka. Reli ilipofika, Kisumu haikuwa katika nchi ambayo leo ni Kenya. Ilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka wa 1902 Serikali ya Uingereza ililihamisha jimbo hilo, na reli yote ikawa chini ya utawala mmoja. Hivyo ile iliyoitwa Reli ya Uganda haikuwa tena na hata maili moja ndani ya Uganda. Watu wa nchi ya ziwa walilala katika nchi moja wakaamka katika nyingine, wala hawakuulizwa.

Ramani ya nne ni ya njia zilizoongezwa. Kwa miaka mingi mizigo ya Uganda ilishushwa Kisumu na kupakiwa katika meli. Lakini njia nyingine ilijengwa kutoka Nakuru, ikafika Eldoret mwaka wa 1924 na Kampala mwaka wa 1931. Tangu hapo Kisumu haikuwa tena mlango wa pekee wa Uganda. Mji huo ulipata tawi la kwenda Butere, lipitalo Luanda na Yala, bali njia kuu ilikuwa imepita mbali.

Ramani ya tano ni ya siku zetu. Mwaka wa 2019 reli mpya iliyo pana zaidi ilifunguliwa kutoka Nairobi hadi upande wa Naivasha, ikipita chini ya vilima vya Ngong katika handaki la kilometa 4.5 hivi. Reli ya zamani ya Kisumu nayo ilitengenezwa, na mwezi wa Desemba 2021 gari la moshi la abiria lilirudi.

Wasafiri wa London wanayo ramani mashuhuri ya reli yao ya chini ya ardhi, iliyochorwa na Harry Beck na kutolewa mwaka wa 1933. Huonyesha stesheni kwa utaratibu wake, wala haijali umbali, maana msafiri hutaka kujua tu pa kushukia. Lakini mkulima na mwalimu wa Migosi wanahitaji ramani ya namna nyingine, yenye mwaka kando ya kila kipande na alama za njia zilizoachwa. Ramani hiyo ingewaonyesha kwamba Kisumu ilipata mji, ikapoteza biashara, kwa maamuzi yaliyofanywa mezani kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo. Basi wapimaji wapya wakipita na vigingi vyao, wakati wa kuuliza njia itaelekea wapi ni siku ile ile, mstari ungali wa penseli.