Senene wakianguka, Bukoba hailali!

Kama hujawahi kuona watu wazima wakishangilia giza na mvua, panda basi uende Bukoba mwezi Novemba. Mimi nimefika, nimeona na nimekula. Mjini pale swali ni moja tu: "Wameanguka?" Si bei ya kahawa, si Simba na Yanga. Ni senene, bwana. Majirani zao Waganda mpaka mwezi huo wenyewe wameupa jina la Musenene.

Mnaokunja pua, tulieni kwanza. Kule Marekani kuna nyenje wanaokaa ardhini miaka 13 au 17, halafu wanaibuka wote kwa mpigo. Mwaka 2024 makundi mawili makubwa yalitoka pamoja, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1803. Wale wana kalenda! Senene wetu hana. Yeye anafuata mvua na nyasi, basi. Msimu mkubwa Novemba na Desemba, mdogo Aprili na Mei, lakini ni usiku upi, hilo utalala nalo.

Maisha yake ni ya miezi tu. Jike hupachika mayai kwenye nyasi. Kinda anatoka kafanana na mama yake, ila mbawa hana. Anajivua ngozi mara kadhaa, mbawa zinakuja, kundi linaruka usiku. Dume ndiye mwimbaji, anasugua mbawa zake. Na masikio, amini usiamini, yako kwenye miguu ya mbele! Kwa hiyo mama wa Kihaya akishamnyonyoa mbawa na miguu, kamtoa gitaa, kamtoa na masikio. Kinachobaki ni mafuta matupu. Kikaangoni humwongezei mengine. Chumvi na kitunguu, kazi kwisha.

Zamani wanawake waliokota, wanaume wakala, na mke akapewa nguo kama shukrani. Siku hizi dada zetu wanatafuna hadharani, na wafanye hivyo hivyo. Uokotaji nao umebadilika: taa kali, mabati yameegemezwa, mapipa chini. Senene anafuata mwanga, anagonga bati, anateleza, habari yake imekwisha. Ni mshiko huo, sipingi.

Ila nilipotoka Bukoba kwenda Muleba, baada ya Kemondo nikawa nachungulia rweya, yale maeneo ya nyasi kati ya kijiji na kijiji. Huko ndiko nyumbani kwa senene, maana ni mdudu wa nyasi, si wa migomba. Sehemu nyingine sasa ni misindano mitupu, imepandwa kwa mistari kama gwaride. Sasa aliyezama kwenye pipa hatagi tena. Na yule aliyezikwepa taa, akitua kwenye misindano, hayo mayai atayapachika wapi? Bati na balbu vinauzwa dukani. Rweya haiuzwi kwa kilo.

Pale stendi ya Muleba nilinunua kopo moja la kupeleka nyumbani. Biharamulo tuliingia likiwa tupu.