Si lazima uteleze: likizo ya theluji kwa bibi, mama na mtoto

Familia inapopanga kwenda milimani Ulaya wakati wa baridi, mazungumzo karibu yote huwa ya skii: tiketi ya kupandia mlimani, kukodi viatu na mbao, mwalimu wa watoto. Anayesahaulika ni yule asiyeteleza. Anaweza kuwa bibi aliyekuja kutembea kutoka nyumbani, mjamzito, mama mwenye mtoto mchanga, au mtoto ambaye afya yake haimruhusu. Mara nyingi huyo huachiwa funguo za chumba na mabegi, akaiangalia theluji kupitia dirishani mpaka wenzake warudi jioni.

Mwishoni mwa Januari nilikaa siku nne na familia ya namna hiyo katika mji wa Chamonix, Ufaransa. Dada yangu, binti wa mama mkubwa, anaishi Geneva na mumewe na watoto wawili. Shemeji na kijana wao wa miaka 10 wanapenda skii. Dada hateleza. Binti yao wa miaka sita ana selimundu. Mama mkubwa, ambaye ni bibi yao, alikuwa amekuja kutoka Marangu. Amezaliwa chini ya Kilimanjaro, ana miaka 67 na anatumia dawa za presha. Kwa hesabu rahisi, katika watu sita tuliosafiri, wanne hatukuwa na shughuli na mbao za skii.

Chamonix ni mahali pazuri kwa familia kama hii. Kutoka Geneva ni takriban saa moja na nusu kwa basi. Uswisi na Ufaransa zote zimo katika eneo la Schengen, hivyo viza moja inatosha, ila pasipoti usiiache nyumbani kwa sababu unavuka mpaka. Mji uko kwenye bonde, mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mont Blanc wenye urefu wa takriban mita 4,800. Hapa ndipo ilipofanyika michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi, mwaka 1924. Lakini umaarufu wa mji ulianza kabla ya skii. Watu wawili wa bonde hili, Jacques Balmat na daktari Michel-Gabriel Paccard, walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Mont Blanc, Agosti 8, 1786. Katikati ya mji kuna sanamu ya Balmat akinyoosha kidole kuelekea mlimani, na daktari naye ana sanamu yake.

Dakika 20 au siku mbili?

Jioni ya kwanza tulikuwa na mjadala mezani. Kivutio kikubwa cha Chamonix kwa wasioteleza ni Aiguille du Midi, kilele chenye urefu wa mita 3,842. Unapandishwa kwa gari linaloning'inia kwenye nyaya, kwa hatua mbili, na kwa takriban dakika 20 umetoka mjini ukafika juu. Kule kuna roshani za kuutazama Mont Blanc, na tangu Desemba 2013 kuna chumba cha vioo kilichotokeza nje ya mwamba, ambamo unasimama huku chini ya miguu yako kuna shimo la mita 1,000.

Shemeji alitaka twende wote. "Mama, ni dakika 20 tu, hata kutembea hakuna," alimwambia mama mkubwa.

Mama mkubwa aliuliza kule juu ni mita ngapi. Alipojibiwa, aliweka kikombe chini. "Mwanangu, hiyo inapita Horombo. Kaka yangu alikuwa mpagazi. Wageni wale wenye nguvu zao huenda siku ya kwanza Mandara, siku ya pili ndipo wanafika Horombo, na bado wengine wanatapika. Sasa huyu mtoto mnataka kumfikisha kwa dakika 20?"

Alikuwa sahihi, na hesabu yake inafaa kwa kila mzazi. Kibanda cha Horombo kiko mita 3,720, Aiguille du Midi ni juu zaidi. Katika kimo hicho hewa ina mgandamizo mdogo, kila pumzi inaingiza takriban theluthi mbili ya oksijeni unayoipata pwani. Wapanda mlima hupanda polepole ili mwili upate muda wa kuzoea. Gari la nyaya halikupi muda huo. Mtu mzima mwenye afya hukaa saa moja, akahema kidogo kwenye ngazi na kushuka salama. Kwa mtoto mchanga, mjamzito, au mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, ni jambo la kuongea na daktari kabla ya kukata tiketi. Watoto chini ya miaka mitatu hawashauriwi kupelekwa kabisa.

Kwa mtoto mwenye selimundu hatari ni kubwa zaidi. Oksijeni inapopungua, seli zake nyekundu hubadilika umbo kuwa kama mundu na kuziba mishipa midogo ya damu. Baridi na kukosa maji huchochea jambo hilo hilo. Mlimani wakati wa baridi vyote vitatu vinakutana. Matokeo yake ni maumivu makali, na wakati mwingine madhara kwenye kifua, wengu au ubongo. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu, ambaye nyumbani haumwi chochote, anaweza mara chache kupata maumivu ya wengu akiwa kwenye kimo kikubwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo hili linazihusu familia zetu nyingi, wakiwa Mbeya au wakiwa Geneva.

Daktari wa binti yetu alikuwa ameshasema: akae kwenye vijiji vya bondeni, avae joto, anywe maji, asichoke. Shemeji hakubisha tena. Kesho yake alipanda yeye, kijana wake na mimi. Kijana alifurahi mno. Mimi kwenye ngazi za juu nilisimama mara mbili kutafuta pumzi, na nilishukuru kwamba binti alibaki chini.

Mchana wa bondeni

Waliobaki chini hawakukaa hotelini. Dada alikodi sleji, kile kigari cha plastiki cha kukalia na kuteleza, akampeleka binti kwenye kilima kidogo cha watoto pembeni mwa mji. Sleji haihitaji mwalimu wala siku tatu za kuanguka. Mtoto akae ametazama mbele, miguu itangulie, avae kofia ngumu, na sehemu anayoishia iwe wazi, bila mti, ukuta wala barabara. Usimwache alale kifudifudi akitanguliza kichwa.

Kwa binti kulikuwa na sheria moja ya ziada. Alicheza dakika 20, kisha akaingia mahali penye joto, akanywa kitu, akakaguliwa vidole na miguu, ndipo akarudi. Dada alikuwa na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Hewa ya baridi ni kavu na mtoto haoni jasho, kwa hiyo haombi maji, ila mwili unayapoteza kila anapopumua. Usisubiri aseme ana kiu.

Mama mkubwa yeye hakuwa na haja ya sleji. Miaka yote ameiona theluji juu ya Kibo kutoka shambani kwake, lakini hakuwahi kuigusa. Alivua glavu, akachota kiganjani, akaibana, akainusa. "Kumbe ni nyepesi hivi," alisema, kisha akamrushia mjukuu wake.

Mchana mwingine tulitembea kwenye msitu wa Bouchet, karibu kabisa na mji. Ni tambarare na kuna njia za watembea kwa miguu. Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kukodi viatu vya theluji, vile vipana vinavyofungwa juu ya buti ili mguu usizame. Ni mchezo wa kutembea tu, mzuri kwa kijana na mtu mzima mwenye pumzi. Kaa kwenye njia zilizowekwa alama, usitembee juu ya njia za wanaoteleza, na kabla ya kutoka soma taarifa ya siku hiyo ya maporomoko ya theluji. Hatari hupangwa kuanzia 1 hadi 5. Porini, nje ya njia hizo, usiende bila kiongozi wa milima.

Treni ndiyo iliyotufaa wote. Reli ndogo ya bondeni hupita Argentière hadi Vallorcine na kuendelea Uswisi. Ndani kuna joto, dirisha ni kubwa, na vijiji vyenyewe viko chini ya mita 1,300. Binti alikaa magotini kwa bibi yake na kuhesabu madaraja. Ukilala kwenye bonde, uliza hotelini kuhusu kadi ya mgeni, kwa maana hutumika kwenye usafiri wa hapo.

Treni nyingine, nyekundu, yenye reli ya meno, hupanda kwa dakika 20 hadi Montenvers, mita 1,913. Hicho ni kimo kinachokaribiana na lango la Marangu, na daktari wa mama mkubwa hakuwa na pingamizi, kwa hiyo tulikwenda naye wawili tu. Pale juu unaitazama Mer de Glace, mto wa barafu mkubwa kuliko yote Ufaransa. Katika karne iliyopita barafu hiyo imeshuka zaidi ya mita 100, na ukisimama pale unaona kuta tupu za mawe mahali ilipokuwa. Mama mkubwa alikaa kimya muda mrefu. Kibo nayo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912. "Hata huku," ndicho alichosema tulipogeuka kurudi kituoni.

Kuwavalisha na kuwalinda

Vaa tabaka tatu. Ya ndani iwe ya sufu au kitambaa kisichoshika jasho, ya kati iwe sweta la joto, ya nje izuie upepo na maji. Pamba ikilowa hubaki imelowa na kumpoza mtoto, kwa hiyo fulana ya kawaida na jinzi si nguo za theluji. Beba glavu na soksi za akiba.

Mtoto wa mgongoni anahitaji uangalifu wa pekee. Wewe unatembea na unaona joto, yeye ametulia na anapoa. Miguu inayoning'inia huganda kwanza. Matembezi yake yawe mafupi, na umguse kifua na shingo mara kwa mara. Akiwa wa baridi kifuani, au amelegea na hataki kuamka, ingieni ndani mara moja na mtafute msaada.

Jua nalo linachoma. Miale yake huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80. Ngozi yetu nyeusi ina kinga kiasi, macho hayana. Kila mtoto avae miwani ya jua inayozuia miale hiyo, hata kukiwa na mawingu. Mafuta ya mgando hulainisha midomo, lakini hayazuii baridi kuganda ngozi. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta ndani ya koti, karibu na mwili, maana hewa baridi na kavu huweza kumbana kifua.

Kabla ya kulipia hoteli

Muulize daktari wa mtoto maswali matatu: apande hadi mita ngapi, akae nje muda gani kwa mara moja, na dalili gani zinataka hospitali siku hiyo hiyo. Kama hujui hali ya selimundu ya familia yako, pima kabla ya safari. Ni kipimo cha damu cha kawaida. Hakikisha bima inagharamia uokoaji wa mlimani na matibabu nje ya nchi unayoishi. Namba ya dharura kwa Ufaransa na Uswisi ni 112.

Angalia pia kalenda. Likizo za shule za Ufaransa huanguka Februari hadi mwanzoni mwa Machi, wakati huo bei hupanda na foleni ni ndefu. Chagua hoteli inayofikika kwa miguu kutoka kituo cha treni, kwani asiyeteleza ndiye atakayetembea zaidi. Na mnapogawa fedha za safari, tengeni kabisa fungu la wanaobaki bondeni: sleji, treni, chakula cha mchana mahali penye joto. Likisubiri chenji ya skii, halitakuwapo.