Mteremko wa Kanaba
Msafiri atokaye Kabale kwenda Kisoro, kusini-magharibi ya Uganda, hupanda hadi mwanya wa Kanaba, na hapo ghafula huuona mlima Muhabura, wenye mita 4,127, umesimama mbele yake. Kisha barabara huteremka kwa kona nyingi.

Hapo ndipo shemeji yangu, aliyetuchukua sisi na watoto, alipotoa gia akaliacha gari lijiendee. Alisema anaokoa petroli na oili, kwani gari lake hutoa moshi wa buluu kila limalizapo mteremko. Kuhusu oili hakukosea kabisa: ukishuka na gia bila kukanyaga mafuta, njia ya hewa hufungwa, injini ikanyonya kwa nguvu, na mipira ya valvu iliyochakaa hupitisha oili. Lakini dawa yake ni kubadili mipira. Na petroli haokoi: injini za siku hizi hukata mafuta zishukapo na gia, gia ikitolewa, hunywa ili zisizime.

Muda si muda breki zikanuka, kanyagio likaanza kuzama. Tulikaa kando ya njia saa nzima. Kisha shemeji akatia gia ya pili, akashuka kimya.