Ua Ndani ya Ua

Anayesafiri kutoka Mombasa kwenda Lamu huteremka basi Mokowe, akapanda boti, na haukupita muda mrefu huuona mji wa mawe umejipanga ukingoni mwa maji. Mji huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka wa 2001. Wageni husimama vichochoroni kutazama milango ya nakshi, lakini maua hawayaoni, kwa kuwa nyumba za Lamu hazianiki uzuri wao njiani. Mpaka ukaribishwe, upite daka na kuingia kiwandani, ule uwanja mdogo ulio wazi kwa mbingu, ndipo harufu ikupokee kabla ya mwenyeji. Lugha yetu nayo imeliona hilo: bustani ya ndani huitwa ua, na kinachochanua humo nacho huitwa ua.

Nilikwenda kumpa mkono wa tanzia shangazi yetu, aliyefiwa na mumewe. Kiwandani mwake mwasumini umetambaa ukutani, mrehani umeota karibu na kisima, na mwaridi umo katika kopo kuukuu la samli. Mwasumini huo aliupanda marehemu kwa mkono wake, mwaka aliozaliwa binti yao wa kwanza.

Kila siku baada ya alasiri, mjukuu wake huchukua sinia na kuchuma asumini zingali tumba, kisha huzifunika kwa kitambaa kibichi. Ikiadhiniwa magharibi huwa zimeanza kufunguka, nyeupe kama chumvi. Miaka yote ya ndoa yao sinia ile ilikuwa na kazi: asumini nyingine zilitungwa kwa uzi zikatiwa nyweleni, nyingine zikatawanywa kitandani, na siku za harusi zikafungwa pamoja na rehani na kilua kuwa kikuba cha kupachika kifuani.

Sasa shangazi yumo edani. Kwa miezi minne na siku kumi hajipambi wala hajitii manukato. Nilimuuliza kwa nini basi anaendelea kuumwagilia mwasumini, na maua yake hana ruhusa ya kuyavaa. Akanijibu kwa upole, “Mwanangu, aliyezuiwa kujipamba ni mimi. Mti haukuzuiwa kuchanua.”

Jioni hiyo alimtuma mjukuu apeleke sinia kwa jirani, ambaye bintiye alikuwa akikaribia kuolewa. Jirani akaja mwenyewe, sinia mkononi, akiona haya kupokea mapambo kutoka nyumba yenye msiba. Shangazi akachuma tawi la rehani, akaliweka juu ya asumini, na kumkumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mtu akipewa rehani asiirudishe, kwani ni nyepesi kubeba na ina harufu njema. Jirani akaipokea. Wakalia pamoja kidogo, kisha wakazungumza habari za harusi.

Nilielewa hapo kwamba furaha ya maua ya nyumbani haimo katika kuyamiliki. Asumini ya leo kesho imenyauka, haiwekeki akiba. Asiyeweza kuivaa ataifurahia kwa kuitoa, na nyumba yenye huzuni ikaiombea heri nyumba yenye shangwe.

Dada zangu, haihitaji kiwanja kikubwa. Mrehani huota kwa mbegu katika kopo lililotobolewa chini, hata kwenye roshani ya ghorofa, na maji ya kuoshea mchele yanautosha. Mwasumini hushika kwa kijiti kilichokatwa kwenye tawi lililokomaa, mradi udongo usikauke.

Siku ya kuondoka shangazi alinifungia kijiti kimoja katika kitambaa kibichi. Nilikipakata njia nzima mpaka Mombasa. Kimeshatoa majani manne. Kikichanua, sinia ya kwanza nimeshajua nitampelekea nani: mama wa nyumba ya pili, ambaye tangu afiwe mwaka jana sijamgongea mlango.