Mpapai Wetu wa Kando ya Mtaro





Nyuma ya madrasa yetu hapa Atlabara, Juba, unapita mtaro unaopokea maji ya kutawadhia pamoja na maji ya majirani walio juu yetu. Ardhi ya kando yake, upana wa hatua tatu hivi, haikauki tangu mvua zianze Aprili hadi Oktoba. Tulitaka iwe bustani ya watoto.

Tulianza kwa pupa. Tulipanda mpapai na mwarobaini kwa kuwa ndiyo miche tuliyopata, na tukawafundisha watoto kuwa anachokula mtu, ndege au mnyama katika mmea wa Muislamu huandikwa sadaka. Mvua ziliposhika, mpapai uligeuka manjano, ukaoza shina, ukaanguka. Mwarobaini nao ukafuata. Mtoto mmoja akatuuliza: "Ustadh, na thawabu zetu zimeoza?"

Tulimwambia nia njema haiozi. Lakini kosa lilikuwa letu. Mizizi nayo huhitaji hewa, na udongo ukijaa maji mizizi ya miti hiyo hukosa pumzi. Tulichagua tulichokipenda sisi bila kuitazama ardhi.

Mara ya pili tukapanda magimbi, ambayo hupenda tope. Alhamdulillah, yalistawi, majani kama miavuli. Mama mmoja jirani mwenye watoto wengi akaja kuomba majani akapike. Tulifurahi, kisha tukakumbuka kuwa wiki ile choo kimoja cha juu kilifurika, na maji yake yalipita humo humo mtaroni. Juba ilipata kipindupindu 2014, 2015 na 2016, na ugonjwa huo hupita katika maji na vyakula vilivyoguswa na kinyesi. Tukamnyima. Wallahi, ni kuzito kumnyima mwenye haja kitu anachokiona kwa macho yake. Tukamgawia unga wa nyumbani kwetu, kisha tukayang'oa magimbi yote.

Sasa ukingoni tumepanda kana, yale maua mekundu yenye majani mapana, yanayovumilia tope, nasi hatukuyapanda kwa ajili ya kuliwa. Upande wa mbali na mtaro tumeinua tuta na kupanda migomba: hunywa maji mengi, na ndizi zake huning'inia juu, mbali na uchafu. Mboga tumezihamishia kwenye magunia ukutani, zinamwagiwa maji safi. Na kila Alkhamisi wanafunzi wakubwa huuzibua mtaro, kwani maji yakituama huzaa mbu, hata penye maua mazuri.

Basi ndugu zetu, kabla ya kupanda kando ya mtaro jiulizeni mambo mawili: maji haya yanatoka wapi, na nani atakula kitakachoota?

Mkungu wa kwanza ulipokomaa tulimpelekea yule mama. Aliyeubeba ni yule mtoto aliyeuliza habari za thawabu.

Wabillahi tawfiq.