Jamaa wa Boda Songea Alivyoweka Jero Akachoma Hesabu ya Bosi

Kuna jamaa mmoja hapa Songea mjini, boda yake anaegesha upande wa Mfaranyaki. Jina lake libaki kijiweni. Pikipiki yenyewe si yake, ni ya mkataba: kila siku buku kumi inakwenda kwa bosi, mvua inyeshe isinyeshe.

Wenzake wakichanika mikeka ya mpira, yeye kanogewa na karata. Omaha alijifunzia kwenye simu, kwa chipu za bure, akiwa anasubiri abiria. Kisha akawafundisha washkaji wawili, kinyozi na fundi simu. Sasa kila Jumapili jioni saluni ikifungwa wanakaa chumba cha nyuma, mlango unarudishwa. Michezo ya pesa nchini ina sheria yake ya 2003 na bodi yake ya kuisimamia, na meza ile haina leseni. Kwa hiyo msije mkadhani mlango unarudishwa kwa sababu ya baridi ya Songea.

Kwa asiyeujua mchezo: kila mtu anapewa karata nne, mezani zinafunuliwa tano, na lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani. Siyo moja, siyo tatu. Zile tatu za kwanza za mezani ndiyo flopu, na hapo ndipo pesa inapoanza kuongea. Dau kubwa kabisa ni sawa na pesa iliyopo mezani.

Sasa Jumapili moja jamaa kaingia na buku kumi na mbili mfukoni. Kumi kati ya hizo ni za bosi, hajatuma bado. Kila mtu katoa buku, mezani buku tatu. Yeye mkononi ana K mbili, A ya maua na 4. Flopu inakuja: K ya shupaza, 9 ya kopa, 8 ya kopa. K tatu! Kwa wakati ule hakuna mkono wowote duniani unaomzidi.

Akaweka jero.

Jero, jamani. Kinyozi alikuwa na kopa mbili mkononi, anahitaji moja itoke. Karata asizoziona ni 45, kopa zilizobaki ni 9, yaani karata inayofuata anapata mara moja kati ya tano. Kwa jero ile analipa 500 kugombea 4,000, ambayo inamtosha hata kama angepata mara moja kati ya nane. Nani angekataa? Jamaa angeweka buku tatu, kinyozi angelipa buku tatu kugombea tisa, moja kati ya tatu, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba angetupa.

Fundi simu yeye asingetoka kirahisi. Alishika J, 10, 7 na 6, na ikitoka Q, J, 10, 7, 6 au 5 yoyote anapanga mfululizo. Hizo ni karata 20 kati ya 45! Mtu wa hivyo humfukuzi, unamlipisha tu. Ndiyo maana Omaha haifanani na ule mchezo wa karata mbili, huku watu wanaokuja nyuma yako wana miguu mingi. Flopu ingekuwa kavu, tuseme K, 7, 2 za rangi tofauti, jero isingekuwa dhambi maana hakuna wa kukimbiza kitu.

Wote wakalipa. Ikatoka 5 ya kopa.

Jamaa akagonga meza. Kinyozi, uso mkavu, akaweka yote iliyopo: buku nne na nusu. Fundi simu alishapata mfululizo wake lakini akasonya, akatupa. Hapo jamaa alitakiwa kutupa pia. Kumwokoa kulibaki karata 10 kati ya 44, na bei ile ilitaka angalau moja kati ya tatu. Akalipa! Mtu aliyeogopa kuweka buku tatu akiwa mbele, katoa nne na nusu akiwa nyuma.

Ya mwisho ikawa 2 ya maua. Mfukoni zikabaki buku sita, hesabu ina pengo la buku nne.

Kinyozi alipokuwa anakusanya akamwambia, "Mwanangu, ukiwa na karata nzuri unatia huruma. Ukianza kukimbiza ndiyo unakuwa tajiri."

Hakujibu. Ila ukweli ni kwamba jero ile haikutoka kwenye flopu, ilitoka kwenye ile buku kumi ya bosi. Alikuwa anaangalia mfuko wake badala ya meza, na wenzake wawili walikuwa wanamsoma kama bango la barabarani. Usiku huo alizunguka na boda mpaka saa sita kufidia, abiria wenyewe wa kutafuta kwa tochi. Nyumbani mkewe akauliza swali moja tu: "Hesabu imefika?"

Jumapili iliyofuata alituma ya bosi kwa simu kwanza, ndipo akaenda saluni na buku tano peke yake. Mchezo wa tatu akapata 9 tatu, mezani kuna kopa mbili na karata zimeshikana. Kulikuwa na buku mbili na nusu. Akaweka buku mbili bila kupepesa.

Wote wakatupa. Akavuta pesa yake taratibu, kama mtu aliyetaka zaidi.

Fundi simu akacheka. "Leo bosi kashalipwa, eeh?"

Jamaa akachukua karata, akaanza kuchanganya.