Ukuta wa watu wawili

Ndugu msomaji, kama unakaa katika nyumba ya zamani ya kampani, sikiliza neno hili mbele ya kushika nyundo.

Sisi tunakaa Likasi, katika nyumba ya matofali iliyojengwa na Union Minière, wakati mji ulipoitwa Jadotville. Unazijua nyumba zile: zimepangwa kwa mistari, mbili mbili chini ya paa moja, na ukuta wa katikati ni mmoja. Upande wa pili anakaa mama mjane. Bwana yake alikuwa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioacha kazi Gécamines katika miaka 2003 na 2004.

Mwaka 2012 nilisafiri mpaka Zanzibar kwa mkutano wa kanisa. Katika nyumba za Mji Mkongwe niliona zidaka, ni kusema vishimo vizuri ndani ya ukuta, vya kuweka vyombo na vitabu. Nikatamani. Niliporudi nikamwambia bibi yangu: «Chumba cha wageni tutakitengeneza namna ile.» Akajibu: «Baba, anza na paa. Inavuja.» Sikusikia. Nilitaka kila mgeni aulize: Pasta, mambo haya uliyaona wapi?

Lakini ukuta wa Zanzibar ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu meta. Wetu ni tofali tu. Siku ya pili ya kuchimba, nyundo ikapita. Nikachungulia, nikaona kitanda cha yule mama, naye ameketi juu yake, vumbi kichwani.

Haya ikanishika. Nikazunguka, nikapiga hodi. «Mama, unisamehe.» Akasema: «Baba Pasta, miaka kumi ukuta wetu ni mmoja, haujaingia humu hata siku moja. Leo umeingia na nyundo.»

Ilikuwa kweli. Zanzibar nilifika; kwa jirani yangu, hapana. Nikatazama juu: paa yake ilivuja kuliko yetu. Chini palikuwa na sufuria ya kukinga maji.

Tuliziba tundu. Feza za mapambo zikanunua mabati ya pande zote mbili. Mkeka niliotoka nao Zanzibar uko kwake sasa, mbele ya kitanda.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anamwagiza anayejenga nyumba afikiri usalama wa mtu mwingine. Kupamba nyumba si zambi. Lakini mbele ya kuanza, piga hodi ng'ambo ya ukuta.